Bei ya maziwa si ya maziwa

Simu iliingia saa mbili kasoro asubuhi, chai bado iko mdomoni. Mama Mhazini hanipigii saa hizo. "Shikamoo mama," nikasema, naye hakuitikia. Akasema tu, "Njoo. Watu wamejaa hapa ofisini, na karatasi zako zinasema uongo."

Ilikuwa Aprili 5. Kwa wasionifahamu, natunza kompyuta ya chama kidogo cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu. Wanachama 170 hivi, vituo vitatu vya kukusanyia, maziwa yanaletwa asubuhi na jioni kwa madumu na ndoo, mengine kwa pikipiki, mengine kichwani. Karani anatumbukiza laktomita, kile kipimo cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, akiona namba haijashuka chini ya 28 anapima lita na kuandika. Mwezi ukiisha kila mfugaji anapewa karatasi ya malipo: lita zake, bei, makato ya pumba na dawa, na kinachobaki. Programu inayotoa karatasi hizo niliiandika mimi, na nilikuwa naionea fahari.

Kwenye benchi la mbele alikaa bibi mmoja, daftari la shule mapajani, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Wengine walikuwa wanapaza sauti, yeye alikuwa kimya. Alinipa daftari na karatasi kwa pamoja.

"Mjukuu wangu, mimi shule niliishia la nne. Hebu nisaidie hesabu."

Daftari lilisema lita 220, bei 900, jumla 198,000. Karatasi yangu ilisema lita 214, bei 800, jumla 171,200.

"Nadai elfu ishirini na sita na mia nane," akasema. Alikuwa ameshapiga hesabu, msaada wangu hakuuhitaji.

Ile 800 ilinitosha. Masika yakishika, majani yanajaa, maziwa yanajaa, na mnunuzi anashusha bei. Aprili 1 ilishuka kutoka 900 hadi 800, na usiku uleule mimi mwenyewe nilifungua programu, nikafuta 900, nikaandika 800, nikaenda kulala. Malipo ya Machi yalikuwa hayajachapwa bado. Siku ya kuchapa, programu ilichukua lita za Machi, ikatafuta bei, ikakuta bei moja tu duniani. Ikazidisha.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kosa hilo sikulifanya kwa uzembe. Nililifanya nikijitahidi kufuata kanuni.

Kabla ya programu kulikuwa na faili moja la Excel lililoitwa MAZIWA MPYA SAHIHI 2. Sijui sahihi 1 ilikwenda wapi. Lilikuwa na safu 14: tarehe, jina la mfugaji, namba yake ya uanachama, simu, kijiji, kituo, msimamizi wa kituo, simu ya msimamizi, lita, bei, na nyingine za makato. Kila mfugaji, kila siku, mstari mmoja, na kila mstari unarudia yote: jina, simu, kijiji, msimamizi, kama mtu anayejitambulisha upya kila anaposalimia. Mwezi wenye siku 31, mfugaji mmoja anatajiwa kijiji chake mara 31. Na kitu kinachoandikwa mara 31 hakiandikwi sawasawa mara 31. Nilikuta Kyimo, Kiyimo, Kimo, na Kyimo nyingine yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni lakini kompyuta inaiona. Ukiomba jumla ya maziwa ya Kyimo, unapewa vijiji vinne.

Halafu zile lita. Karani alikuwa anaandika "8+6" ndani ya kisanduku kimoja, asubuhi nane jioni sita. Mtu anaelewa. Excel haielewi: bila alama ya usawa mbele yake inaichukua 8+6 kama maneno, na ukijumlisha safu inairuka kimyakimya. Kwenye safu ya simu kulikuwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju (/), na pembeni neno "mke". Tulipotaka kuwatumia watu ujumbe wa mkutano mkuu, namba za namna hiyo zote zilikwama.

Siku moja msimamizi wa kituo akabadilika. Karani, kijana mwepesi, akatumia ile huduma ya kutafuta na kubadilisha: tafuta jina la ukoo la msimamizi wa zamani, weka la mpya. Sasa nyinyi mnaijua Rungwe. Majina yetu ya Mwa- yanazunguka palepale. Wafugaji kumi na mmoja waliamka wakiwa wa ukoo mwingine.

Lakini mawili yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niseme basi. La kwanza, alijiunga mama mmoja, akalipa kiingilio na hisa, ila ng'ombe wake alikuwa bado na mimba. Faili halikuwa na mahali pa kumwandika mtu asiye na maziwa, maana mstari ni wa maziwa. Karani akamwandikia lita 0, kila siku, ili asipotee. Wastani wa lita kwa mfugaji ukashuka na bodi ikaanza kuuliza nani anauza pembeni. La pili ni kinyume chake. Faili lilipokuwa zito, mtu alifuta mistari ya miaka ya nyuma, na waliokuwa wameacha kuleta maziwa wakafutika pamoja nayo, jina, simu, kijiji, kila kitu. Mjane mmoja alipokuja kuulizia hisa za marehemu mumewe, ilibidi tupekue masanduku ya makaratasi siku mbili. Tulifuta maziwa, tukamfuta na mtu.

Chuoni tulifundishwa dawa yake, na nilifaulu mtihani wake bila kuielewa. Inaitwa nomalaizesheni: kuligawa jedwali moja linalosema kila kitu kuwa majedwali madogo, ili kila habari iandikwe mahali pamoja tu. Mwenye wazo hilo ni Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923, akarusha ndege za kijeshi wakati wa vita kuu ya pili, kisha akaenda Marekani kufanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM. Mwaka 1970 akiwa San Jose, California, alichapisha makala ya kurasa 11 iliyosema data ziwekwe katika majedwali ya kawaida, na mtu aulize anachotaka bila kujua kompyuta imezipanga vipi ndani. Enzi hizo data zilipangwa kama mti: shina, matawi, vijitawi. IBM walikuwa na mfumo wao wa namna hiyo, IMS, uliotokana na kazi ya kuorodhesha vipuri vya vyombo vya Apollo vya kwenda mwezini. Ukitaka tunda ilibidi ujue tawi la kupandia. Codd akasema hapana.

Kanuni za kuligawa jedwali huitwa maumbo, kila moja kali kuliko lililotangulia. Umbo la kwanza analo mwaka huo wa 1970, la pili na la tatu yakafuata mwaka 1971, na mwaka 1974 akakaza la tatu akiwa na Raymond Boyce. Jina la nomalaizesheni, yaani kuweka katika hali ya kawaida, aliwahi kusema kwenye mahojiano, alilipata kwa sababu rais Nixon alikuwa anazungumzia kurejesha uhusiano wa kawaida na China, naye akaona kama Nixon anaweza kuyaweka mahusiano sawa, hata yeye anaweza. Mzaha wa wanahesabu ndio huo, maana kwao jedwali nalo huitwa uhusiano. Baadaye, mwaka 1983, William Kent akaufupisha mtihani mzima kwa kuigiza kiapo cha mahakamani: kila safu itoe habari za ufunguo, za ufunguo wote, na si za kitu kingine isipokuwa ufunguo. Ufunguo ni ile safu, au safu kadhaa kwa pamoja, inayoutambulisha mstari usichanganywe na mwingine.

Mimi kiapo hicho hakikuniingia. Kilichoniingia ni sarufi.

Kiswahili kina kale ka -a kadogo ka kuunganisha, ya, wa, la, cha, ambako tunakatumia kutwa bila kukawaza. Nilikaa na faili lile usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, laptopu ikila betri, nikaanza kuzisoma safu kwa sauti. Simu ya nani? Ya mfugaji. Kijiji cha nani? Cha mfugaji. Msimamizi wa nini? Wa kituo. Simu ya msimamizi. Lita za nani? Hapo ulimi ukasita, kwa sababu "lita za mfugaji" haitoshi. Lita za mfugaji wa tarehe fulani, wa zamu fulani, asubuhi au jioni. Bila hayo matatu sijui nazungumzia dumu lipi.

Basi. Kila ambaye -a ilimtaja nikampa jedwali lake:

wafugaji: namba, jina, kijiji, kituo
simu: namba ya mfugaji, simu, ya nani
vituo: kituo, msimamizi, simu ya msimamizi
maziwa: namba ya mfugaji, tarehe, zamu, lita

Yaliyobaki yakawa wazi. Namba mbili za simu kisanduku kimoja, na "8+6", ni kosa la umbo la kwanza: kisanduku kimoja kinabeba vitu viwili. Jina la mfugaji ndani ya jedwali la maziwa ni kosa la umbo la pili: ufunguo wa maziwa una sehemu tatu, na jina ni habari ya sehemu moja tu, mfugaji, tarehe haimhusu. Msimamizi ndani ya jedwali la wafugaji ni kosa la umbo la tatu: anaonekana kama habari ya mfugaji, kumbe ni habari ya kituo, na mfugaji amempata kwa kupitia kituo tu. Unaweza kusema "msimamizi wa mfugaji", lakini ukisema hivyo unaruka mtu katikati. Mjomba wa rafiki yangu si mjomba wangu.

Mama wa ng'ombe mwenye mimba akapata mstari wake kwa wafugaji bila kuandikiwa sifuri. Kyimo ikawa moja, kwa sababu sikumruhusu karani kuiandika, anaichagua. Msimamizi akibadilika nabadilisha mstari mmoja. Marehemu anabaki kwenye orodha na hisa zake hata maziwa yake yakihifadhiwa kwingine.

Umbo la nne, la Ronald Fagin, mwaka 1977, nimelihitaji mara moja tu, nilipotaka kuweka simu na ng'ombe wa mfugaji kwenye jedwali moja. Mwenye simu tatu na ng'ombe wawili anakuwa na mistari sita, kana kwamba kila ng'ombe ana simu tatu. Nikatenganisha. La tano sijawahi kukutana nalo barabarani.

Ndipo nikaifikia safu ya bei. Bei ya nini? Bei ya maziwa! Hata mtoto anajibu hivyo. Na kwenye faili la zamani 900 ilikuwa imeandikwa mamia kwa mamia, kila mstari, marudio ya kuchukiza. Nikaiondoa yote kwa furaha. Nikatengeneza jedwali dogo la mipangilio lenye mstari mmoja: bei ya maziwa, 900. Nadhifu. Nilimwonyesha hadi mke wangu.

Ile -a iliyonisaidia kote ilinidanganya hapo, au mimi ndiye sikuisikiliza hadi mwisho. Hakuna kitu kinachoitwa bei ya maziwa. Kuna bei ya Machi. Kuna bei ya jana. Mfugaji akimimina maziwa Machi 12, chama kimeshakubali kumlipa 900, na neno hilo halibadiliki hata bei ikifika mia tatu kesho. Zile 900 mamia kwa mamia nilizoziona kama marudio, kila moja ilikuwa inasema habari ya siku yake. Zilifanana tu, kama mapacha wanavyofanana, na mimi nikaamua kwa kuwa wanafanana basi ni mtoto mmoja.

Kyimo kuandikwa mara 31 ni marudio, maana ikibadilika lazima zote zibadilike. 900 kuandikwa mara 31 si marudio, maana ikibadilika leo, za jana zinatakiwa zibaki zilivyo. Sikukuta mtu aliyeniambia hivyo darasani. Mifano ya darasani ni ya wanafunzi na kozi zao, na sijaona kozi inayopanda bei.

Siku ile ya Aprili 5 niliwaomba watu wanipe hadi kesho yake. Mama Mhazini akawaambia kwa Kinyakyusa maneno ambayo sitayatafsiri hapa, yakawatuliza na kunidhalilisha kwa kiasi kinachostahili. Nikajifungia. Nikatengeneza jedwali la bei lenye safu mbili, bei na tarehe ya kuanza. Programu ikitaka kujua dumu la siku fulani lina thamani gani, inatafuta bei ya mwisho iliyoanza siku hiyo au kabla yake. Hakuna kinachofutwa. Bei mpya inaongezwa chini, za zamani zinakaa.

Mwezi wa saba mnunuzi wa pili akaja, akataka maziwa ya kituo kimoja tu, kile cha karibu na barabara kuu, kwa bei yake. Nikasoma tena kwa sauti: bei ya kituo, ya kuanzia tarehe fulani. Nikaongeza safu ya kituo kwenye ufunguo na kazi ikaendelea. Niliogopa ningeumia zaidi.

Jambo moja bado tunabishana na rafiki yangu wa Mbeya mjini, ambaye anajua mambo haya kunizidi. Karatasi ya malipo ikishachapwa, mimi naihifadhi kama ilivyo: lita, bei, makato, jumla. Yeye anasema hilo ni dhambi, kwa kuwa yote hayo unaweza kuyapiga hesabu upya kutoka kwenye majedwali. Ninamjibu kwamba jumla iliyopigwa upya ni jumla ya maziwa, na ile iliyochapwa ni jumla ya karatasi. Ni habari za vitu viwili. Mfugaji akija na karatasi yake baada ya mwaka, nataka nimwonyeshe tulichomwambia siku ile, hata kama tulikosea. Tena hasa kama tulikosea.

Sipendi pia wanavyosema vijana kwamba majedwali mengi yanachelewesha, bora uweke yote pamoja. Wafugaji 170, zamu mbili, siku 365: mistari 124,100 kwa mwaka. Kwa PostgreSQL, programu inayonitunzia majedwali, hiyo ni kama kuhesabu vidole. Ripoti yangu ya mwezi ilikuwa inasuasua mwanzoni, nikaweka faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka, kwenye namba ya mfugaji na tarehe, sasa inatoka kabla sijatoa kidole kwenye kitufe, na laptopu yenyewe ni ya mtumba. Wenye mabilioni ya mistari wana sababu zao. Sisi tuna madumu.

Mama Mhazini tu ndiye niliyemshindwa kwa hoja. Yeye haamini namba ambayo haijaandikwa mahali. Jumla inayopigwa wakati wa kuangalia, kwake, ni jumla ambayo haipo. Nikamtengenezea jedwali la kuonekana tu, ambalo ndani halihifadhi kitu, linakusanya kutoka kwa mengine kila analifungua. Analitazama kila jioni, anaridhika. Sijamweleza.

Sasa yule bibi. Aprili 6 tulichapa upya, nikampelekea yake kwa mikono miwili. Lita 214, bei 900, jumla 192,600. Nilikuwa nimekesha, nikategemea walau ahsante. Akaivuta karibu na macho, akafungua daftari, kidole kikashuka ukurasa polepole.

"Mjukuu wangu, hapa umenipa elfu ishirini na moja na mia nne. Elfu tano na mia nne iko wapi?"

Lita sita. Jana yake nilikuwa nimeziona, 220 na 214, na nikazipuuza. Niliona bei, nikajua kosa langu, na kwa hizo lita nikadhani mzee amejumlisha vibaya. Darasa la nne. Nikamwomba daftari, tukaanza kulinganisha siku kwa siku, yeye anasoma, mimi natazama kwenye skrini. Machi 3 sawa. Machi 10 sawa. Foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa.

Machi 19, jioni. Yeye: saba. Mimi: moja.

"Ng'ombe wangu hajawahi kutoa lita moja," akasema, akiwa ameudhika kwa niaba ya ng'ombe.

Mama Mhazini akaenda kabatini akaleta daftari la kituo, lile la karatasi, ambalo karani huandika kwanza kwa mkono pale kituoni kabla ya kuingiza kwenye kompyuta. Tukafunua tarehe 19. Mvua ilikuwa imelowesha kona ya ukurasa. Tarakimu yenyewe ilisimama wima, kamstari kake ka juu kafupi kuliko ukucha, na ukiitazama kwa haraka, umesimama, foleni ikiwa ndefu, ungeapa ni moja. Tukamwita karani. Akainama, akaangalia mwandiko wake mwenyewe kwa muda.

"Hiyo ni saba," akasema.

Mama Mhazini akahesabu elfu tano na mia nne, akazisukuma mezani. Bibi akazihesabu tena, akazifunga kwenye ncha ya kitenge, akachukua daftari lake.